Jina Langu Limo?

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, mawingu yanapoanza kukaa juu ya safu ya Kipengere, swali moja huzunguka katika vijiji vya Wanging'ombe: jina langu limo? Huulizwa mtendaji wa kijiji, huulizwa mwenyekiti wa kitongoji, huulizwa wakala wa pembejeo kule Ilembula au Makambako. Hakuna anayeuliza limo katika nini. Ni orodha ya watakaopata mbolea ya ruzuku. Na swali lina haraka, kwa sababu mahindi hayangoji kikao. Mbolea ya kupandia ina wiki zake, ya kukuzia ina wiki zake, na ukizikosa utatazama majani ya shamba lako yakigeuka njano huku ya jirani yakiwa kijani kibichi.

Swali hili ni jipya kuliko linavyosikika. Mkulima wa Mdandu au Imalinyi wa mwaka 1980 asingeliuliza, ingawa mbolea aliyoitumia nayo ilikuwa na ruzuku. Wakati huo hapakuwa na orodha. Orodha ilikuja na vocha mwaka 2008, ikapelekwa mbele ya watu kwenye mikutano ya vijiji, kisha mwaka 2022 ikahamia kwenye mfumo wa kompyuta. Kila ilipohama, kulikuwa na mtu aliyepata uwezo wa kuiona na mtu aliyeupoteza. Historia ya ruzuku ya kilimo Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa mabilioni na kwa tani. Hapa nataka kuisoma kwa majina. Nani alijua mbolea ya umma imekwenda kwa nani?

Ruzuku isiyo na jina

Miaka ya 1970 ilibadilisha ramani ya kilimo cha Njombe. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilifunguliwa mwaka 1972. Barabara ya lami ya kwenda Zambia ilipita Makambako, na reli ya TAZARA ikafuata na kuweka kituo palepale, hivyo mji mdogo wa njia panda ukawa mlango wa kuingizia mbolea na kutolea mahindi. Kisha, kuanzia msimu wa 1973/74, serikali ikaweka bei moja kwa nchi nzima. Mkulima wa milimani Njombe aliuza gunia kwa bei ileile aliyouzia mkulima wa karibu na Dar es Salaam, na gharama ya kusafirisha kwa mamia ya kilometa ikabebwa na serikali na mashirika yake. Mbolea nayo iliuzwa chini ya gharama yake halisi.

Matokeo yalionekana. Iringa, ambayo wakati huo ilikuwa na Njombe ndani yake, pamoja na Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ikawa mikoa minne iliyotegemewa kuilisha nchi. Njombe ilikuwa imejulikana kwa miongo mingi kama mahali pa kuchukulia vibarua, vijana waliokwenda kukata mkonge Tanga na kurudi baada ya mkataba. Sasa kulikuwa na sababu ya kubaki nyumbani na kulima mahindi ya kuuza.

Nani aliipata ruzuku hiyo? Jibu ni rahisi na halitoshi: yeyote aliyenunua mfuko. Ruzuku ilikaa ndani ya bei, kama sukari ndani ya chai. Mwenye ekari 2 alionja ya ekari 2, mwenye ekari 50 alionja ya ekari 50, na asiyenunua hakuonja kitu. Madaftari yalikuwapo. Vyama vya ushirika viliandika nani amekopa nini, na hata baada ya vyama vikuu kuvunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa miaka ya 1980, chama kama NJOLUMA, kilichohudumia Njombe, Ludewa na Makete, kilijua wadaiwa wake. Lakini daftari hilo liliandika deni la mkulima. Kiasi ambacho serikali ilimchangia katika kila mfuko hakikuandikwa popote karibu na jina lake.

Ndiyo maana ruzuku ile ilipoondoka, iliondoka kimya. Kiwanda cha Tanga kilifungwa mwaka 1991. Katika miaka hiyohiyo ya mageuzi ya uchumi, ruzuku ya mbolea ilikatwa hatua kwa hatua: kutoka asilimia 70 ya bei msimu wa 1990/91 hadi sifuri msimu wa 1994/95. Hakuna mkulima aliyeweza kwenda ofisini kulalamika kwamba jina lake limefutwa, kwa sababu halikuwahi kuandikwa. Aliona tu bei dukani inapanda kila mwaka, na kila mwaka akapunguza kidogo kile alichokuwa akiweka shambani.

Ruzuku iliporudi msimu wa 2003/04, ilirudi kwa njia ya nauli. Serikali ililipia sehemu ya gharama za kusafirisha mbolea ili ifike mikoa ya mbali kwa bei nafuu. Majina yaliyoandikwa safari hii yalikuwa ya kampuni za usambazaji. Kama punguzo lilimfikia mkulima wa Saja au liliishia ghalani njiani, mkulima mwenyewe hakuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu.

Karatasi tatu

Mwaka 2008 bei za chakula na mbolea zilipaa duniani kote. Jirani yetu Malawi alikuwa tayari amerudisha ruzuku kwa kutumia kuponi tangu msimu wa 2005/06, na mavuno yake yalizungumzwa kila mahali. Tanzania nayo ikaanzisha mpango wa taifa wa vocha za pembejeo, ulioanza kwa upana msimu wa 2008/09 na kupata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka uliofuata. Hadi unafikia mwisho wa awamu yake kubwa, mpango ulikuwa umegharimu takriban dola milioni 300, na ulilenga kaya zipatazo milioni 2.5. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa moyo wake.

Kwa mara ya kwanza ruzuku ikawa na jina la mtu. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha tatu zinazotosha ekari moja: ya mbegu bora, ya mbolea ya kupandia na ya mbolea ya kukuzia. Kila vocha ilibeba nusu ya bei, na nusu nyingine mkulima aliitoa mfukoni. Alikwenda kwa wakala, akalipa sehemu yake, akasaini, akachukua mzigo. Wakala naye akapeleka vocha tawi la benki ya NMB ili alipwe. Kaya ilitakiwa kusaidiwa misimu mitatu mfululizo, kisha isimame yenyewe.

Uchaguzi wa majina ulipelekwa chini kabisa. Kila kijiji kiliunda kamati ya vocha yenye wanawake watatu na wanaume watatu, waliochaguliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kamati iliandaa orodha, na orodha ikatakiwa kurudi kwa wanakijiji ili waikubali. Vigezo vilikuwa wazi kwenye karatasi: uwe mkazi na mkulima wa muda wote, usilime zaidi ya hekta moja ya mahindi au mpunga, uwe tayari kufuata ushauri wa afisa ugani, na uweze kulipa sehemu yako. Kipaumbele kilikuwa kwa kaya zinazoongozwa na wanawake na kwa wale ambao hawakuwa wametumia mbolea kwa miaka mitano iliyopita.

Wazo lililo nyuma ya mpango huu lina heshima yake. Ofisi ya Dodoma haijui nani analima ekari ngapi huko Usuka. Jirani anajua. Anajua nani ana ng'ombe kwa shemeji yake, nani anaishi Dar es Salaam na kuja kijijini wakati wa misiba tu, nani amefariki Machi na jina lake bado lipo kwenye rejesta. Orodha ikisomwa mbele ya watu mia mbili chini ya mti, kila mmoja wao ni mkaguzi. Hakuna mfumo wa ukaguzi wa bei rahisi kuliko huo.

Mwamba ngoma

Lakini aliyeshika orodha naye ni jirani. Watafiti wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walifuatilia ugawaji wa vocha katika vijiji vya Kilimanjaro na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012. Waligundua kwamba takriban asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa zilikwenda kwa kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye vijiji vya mbali na vile ambavyo tofauti ya walionacho na wasionacho ilikuwa kubwa. Wahenga walishasema, mwamba ngoma huvutia kwake. Utafiti uliongeza kipimo.

Kilimanjaro si Njombe, na itakuwa uonevu kuhamisha asilimia ile na kuibandika kwa kamati za Wanging'ombe. Lakini kanuni zilizotumika zilikuwa zilezile, na ndani yake mlikuwa na mlango uliokuwa wazi kila mahali. Tazama vigezo tena. Mpango ulimtaka mtu ambaye hajatumia mbolea kwa miaka mitano, na papo hapo ulimtaka mtu anayeweza kulipa nusu ya bei taslimu mwezi Novemba, wakati ghala linaelekea kuwa tupu na ada za Januari zinakaribia. Watu hao wawili mara nyingi si mtu mmoja. Ambaye hajanunua mbolea kwa miaka mitano kwa kawaida hakuinunua kwa sababu hana fedha. Kamati iliyotaka kumpa mjane ingeweza kutetea uamuzi wake kwa kigezo kimoja, na kamati iliyotaka kumpa mjumbe wa halmashauri ya kijiji ingeweza kutetea wake kwa kingine. Wote wangekuwa wamefuata mwongozo.

Na kwa mkulima aliyepewa vocha bila kuwa na nusu ya bei, vocha iligeuka bidhaa. Malalamiko yaliyosikika nchi nzima yalifanana: mtu anasaini, anapewa fedha kidogo, na mbolea inauzwa kwa mwingine kwa bei kamili. Kwenye karatasi alikuwa mnufaika. Sahihi yake ilikuwapo, na ya wakala ilikuwapo. Shambani hakukuwa na kitu.

Kwa nini watu mia mbili chini ya mti hawakusema? Baadhi walisema. Lakini ni lazima tukumbuke mkutano wa kijiji ni mahali gani. Mwenyekiti ni baba mdogo wa mtu. Mtendaji ndiye anayeandika barua ya utambulisho unapotaka mkopo, unapotaka kumpeleka mtoto chuo, unapokuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Kusimama na kusema "mama fulani ameachwa na wewe umejiandika" ni kuitoza familia yako gharama itakayolipwa kwa miaka. Uwazi ulikuwepo, lakini mtu aliyetaka kuutumia ilibidi ajilipie mwenyewe.

Kulikuwa pia na gharama ya upande wa pili, na Njombe iliihisi kuliko mikoa mingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani Njombe yamefikia asilimia 14.8 ya watu wazima, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Ni katika miaka hiyohiyo ambapo orodha za vocha zilitoa kipaumbele kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Katika mkoa wenye wajane na yatima wengi kiasi hicho, kusoma jina hadharani na sababu ya kuchaguliwa kwake si jambo jepesi. Watu wanasikia jina, wanasikia "mjane", na wanakamilisha wenyewe sentensi ambayo haikusomwa. Kwa mtu huyo, orodha iliyofichwa ina hatari ya kunyimwa haki yake, na orodha iliyobandikwa ukutani ina hatari ya kunyanyapaliwa.

Wakulima hewa

Orodha ya kijiji ilikuwa na udhaifu mwingine uliochelewa kuonekana. Ilisomwa kijijini, lakini hesabu iliyolipwa ilikusanywa juu. Kati ya mkutano ule na malipo kulikuwa na kata, wilaya, mkoa, benki na wizara, na karatasi inaposafiri namna hiyo inaweza kuongezeka uzito njiani.

Baada ya awamu kubwa ya mpango kumalizika, misimu ya mwisho ya vocha iliacha mgogoro mrefu. Mawakala wa pembejeo walidai mabilioni ya shilingi kwa mbolea na mbegu walizosema wamezitoa kwa wakulima. Serikali ilikataa kulipa bila uhakiki. Msamiati wa "watumishi hewa", ambao nchi nzima iliuzoea mwaka 2016, ukapata ndugu yake: wakulima hewa. Madai mengine yalikuwa na vielelezo visivyosimama, mengine yalikuwa halali. Mawakala waliotoa mzigo kwa uaminifu walijikuta kapu moja na walioghushi, wakidaiwa na benki wakati wakiisubiri serikali. Katika mji kama Makambako, ambapo duka la pembejeo ni mtaji wa familia nzima, kuchelewa huko kuliweza kufunga duka.

Uhakiki ulipokuja, ulikuja kwa namna ya kushangaza kidogo kwa anayekumbuka nia ya mwanzo. Wakaguzi walishuka vijijini kuuliza: huyu yupo? Alipata mbolea? Walikuwa wanatafuta, miaka kadhaa baadaye na kwa gharama kubwa, taarifa ambayo majirani walikuwa nayo siku ileile. Kama orodha ya waliolipiwa ingerudi kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kila mwisho wa msimu, jina la marehemu lingetambuliwa na mpita njia wa kwanza. Orodha iliyopelekwa kwa watu ilikuwa ya wanaotarajiwa. Orodha ya waliohesabiwa kuwa wamepata ilibaki kwenye mafaili.

Jinsi wengine walivyofungua mafaili

Tusidhani kwamba ni tatizo la nchi maskini. Umoja wa Ulaya umetumia sehemu kubwa ya bajeti yake kwa ruzuku za kilimo tangu miaka ya 1960, na kwa miongo kadhaa majina ya wapokeaji yalikuwa siri katika nchi nyingi wanachama. Hadithi iliyoelezwa kwa wananchi ilikuwa ya mkulima mdogo mwenye ng'ombe wachache mlimani. Denmark ilipotoa majina mwaka 2004 na Uingereza ikafuata mwaka 2005, baada ya waandishi wa habari kudai kwa sheria ya haki ya taarifa, picha ikabadilika. Kwenye orodha ya Uingereza alikuwamo Malkia, alikuwamo Mtawala wa Westminster, mmoja wa wamiliki wakubwa wa ardhi nchini humo, na zilikuwamo kampuni kubwa za sukari. Marekani, shirika la kiraia la Environmental Working Group lilikuwa limeshaweka orodha yake mtandaoni mwaka 2001, na watu wakashangaa kumkuta mchezaji wa mpira wa kikapu Scottie Pippen miongoni mwa "wakulima".

Umoja wa Ulaya ukaamua nchi zote zichapishe majina kufikia mwaka 2009. Kisha wakulima wa jimbo la Hesse, Ujerumani, wakaenda mahakamani. Walisema jina lao na kiasi wanachopata ni mambo yao binafsi. Tarehe 9 Novemba 2010, Mahakama ya Haki ya Ulaya ikakubaliana nao kwa upande wa watu binafsi: umma una haki ya kujua fedha zake zinakwenda wapi, lakini kuchapisha majina yote bila kutofautisha wakubwa na wadogo kumevuka kipimo. Mwaka 2013 sheria mpya ikatafuta njia ya kati. Majina yalirudi, ila wanaopata kiasi kidogo sana walifichwa majina, wakaonyeshwa kwa kiasi tu.

Ugomvi ule wa Hesse na ule wa chini ya mti unahusu jambo moja. Tofauti ni kwamba Ulaya waligombana kwa sauti, mahakamani na bungeni, hadi wakafika kwenye kanuni iliyoandikwa: nani ataonekana, kwa kiasi gani, na kwa nani. Sisi tulihama kutoka zama moja kwenda nyingine bila kuulizana swali hilo.

Namba ya mkulima

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda tena. Janga la UVIKO-19 lilikuwa limevuruga usafirishaji, na vita vya Ukraine vikaugusa moja kwa moja ukanda unaozalisha mbolea nyingi duniani. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulivuka shilingi 120,000. Kwa mkulima wa ekari mbili, hiyo ni hesabu ya kuacha kulima. Agosti 8, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Mbeya ruzuku mpya iliyotengewa shilingi bilioni 150. Bei ya mfuko wa DAP au Urea ikashushwa hadi 70,000.

Karatasi hazikurudi. Mkulima aliandikishwa kijijini kwake, jina, simu na ukubwa wa shamba, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA. Akapewa namba. Alikwenda kwa wakala aliyesajiliwa, akataja namba, mfumo ukasoma haki yake, akalipa bei ya ruzuku na serikali ikamlipa msambazaji tofauti. Hakuna kamati ya kumpendelea shemeji, kwa sababu kila mkulima aliyejiandikisha alistahili. Hakuna sahihi ya karatasi ya kughushi. Kila mfuko una njia yake inayoweza kufuatiliwa kutoka bandarini hadi dukani.

Hayo ni mafanikio ya kweli na hayapaswi kudharauliwa. Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu. Katika Nyanda za Juu Kusini watu walipanga misururu mirefu kwenye vituo vichache, wengine wakirudi nyumbani mikono mitupu huku mvua ikinyesha. Lakini misimu iliyofuata vituo viliongezeka, na mkulima mdogo ambaye vocha zilimpita sasa alikuwa na namba sawa na mwenyekiti wake.

Udanganyifu nao ulijifunza lugha mpya. Serikali yenyewe ilisema kuna watu walioandikisha ekari wasizokuwa nazo, na TFRA ikatangaza kuwachukulia hatua mawakala waliobainika kuandika mauzo yasiyokuwapo. Mtu mwenye ekari 3 akiandikwa 30, kompyuta haitashtuka. Namba ni halali, simu ni halali, mfuko umesomwa. Anayejua kwamba shamba lile ni ekari 3 ni yule anayepakana nalo, na yeye haoni mfumo. Anaona tu pikipiki zikipita na mifuko zaidi ya inavyostahili.

Hapa ndipo safari ya orodha inapofika mahali pa ajabu. Zama za kwanza hakuna aliyejua. Zama za vocha kijiji kilijua na Dodoma haikujua. Sasa Dodoma inajua mpaka namba ya simu, na kijiji hakijui. Uwazi uliongezeka, lakini ulielekea juu tu. Wazee wa Njombe wana kumbukumbu inayohusiana na hili: vijana waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge waliitwa manamba, kwa sababu mwajiri aliwajua kwa namba za mikataba yao. Si ajabu kwamba mtu aliyelelewa na hadithi hizo, na akaishi kipindi cha kodi ya maendeleo, anasita anapoulizwa ukubwa wa shamba lake na mtu mwenye simu janja. Kwake, kuandikwa jina kulikuwa njia ya kuchukuliwa kitu muda mrefu kabla hakujawa njia ya kupewa.

Cha kubandika ukutani

Nchi yetu sasa ina sheria mbili zinazovutana juu ya orodha hii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda mkulima asianikwe jina, simu na mali yake. Ofisa anayeogopa maswali anaweza kujificha nyuma ya ile ya pili kwa urahisi. Lakini zote mbili zinaweza kuheshimiwa pamoja, na historia ya miaka hamsini inaonyesha namna.

Mjane wa Wangama hana haja ya kujulikana mtandaoni na mtu aliyeko Mwanza. Kinachomlinda ni kijiji kujua mambo machache kila mwisho wa msimu: kitongoji hiki kiliandikisha wakulima wangapi, ekari ngapi, kilichukua mifuko mingapi, kwa mawakala gani. Takwimu hizo hazina jina la mtu, wala neno "mjane". Lakini kitongoji chenye ekari 300 kikionekana kimeandikisha 900, watu watauliza, na wataweza kuuliza kwa pamoja bila mmoja wao kusimama peke yake mbele ya baba yake mdogo. Kwa wanaochukua mifuko mingi kupita kiwango fulani, jina liwe wazi, kama Ulaya walivyoamua kwa wakubwa wao. Mwenye mashamba makubwa hawezi kudai faragha ya mtu wa ekari moja.

Hili halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Mfumo wa TFRA una takwimu hizo tayari. Vijiji vina mbao za matangazo, na vina utaratibu wa kusomewa mapato na matumizi kila robo mwaka. Wilaya ya Wanging'ombe ilizaliwa mwaka 2012, mkoa wa Njombe nao ukiwa mchanga, wakati vocha zikigawiwa. Haijawahi kuishi mwaka wowote bila mjadala wa orodha.

Barua ya kuomba taarifa haizidi ukurasa mmoja. Inaandikwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, Igwachanya, inataja sheria ya 2016, inataja kijiji na msimu, na inauliza maswali manne: wakulima wangapi, ekari ngapi, mifuko mingapi, mawakala gani. Msomaji wa makala hii mwenye wazazi wanaolima huko, au Mbozi, au Namtumbo, anaweza kuiandika leo jioni. Jibu likija, libandikwe pale penye ubao, karibu na duka, wakati watu wanarudi shambani. Wao watajua la kulifanyia.